Moshi wa Ng'ambo ya Bonde

Chapwa, Tunduma
12 Januari 2025

Dada yangu mpendwa Ketrina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti bado yanakubeba. Sisi huku hatujambo. Asubuhi vumbi la malori, jioni matope, ndiyo Tunduma yetu. Mwanangu Joshua alipiga simu kutoka Ndola wakati wa mwaka mpya, anakusalimu sana. Mkewe amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina la marehemu mke wangu, Violet. Nilifurahi, halafu nikakaa kitandani muda mrefu bila kufanya lolote.

Najua unashangaa kuona nimerudi kwenye kalamu. Dada, mara ya mwisho nilipokupigia simu nilipaza sauti hadi mpangaji wangu akaja kugonga mlango, akidhani nagombana na mtu. Nilikuuliza kama umekwenda kupima masikio, wewe ukanijibu kwamba mahindi yamestawi. Basi simu tuwaachie wenye masikio yao. Osea, dereva wa Noah ya kuja huko Ileje, amekubali kuwa posta wetu.

Pamoja na barua hii Osea atakushushia boksi. Ni jiko la gesi na mtungi wake. Siku hizi kila mtu anahimizwa aachane na kuni, na wewe macho yako yanatoka machozi hata ukiwa unacheka. Mwite Ferista, mke wa jirani yako, akuonyeshe namna ya kuliwasha. Usiliogope, halilipuki ovyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nataka uhamie huku kwangu. Chumba alichokuwa anashonea marehemu kiko wazi. Mimi kwangu watu hawakauki, wakiondoka madereva wanaingia mawakala wenzangu wa forodha, na jioni yupo Zabron na drafti lake. Utachangamka. Huko mlimani, dada, niambie kweli, umebaki na nani?

Mdogo wako,
Rubeni


Mbebe, Ileje
9 Februari 2025

Mdogo wangu Rubeni,

Marahaba, baba. Mimi ni mzima kwa neema ya Bwana. Mvua imezidi, maharage ya bondeni yameoza yakiwa bado na maua. Mjukuu amepewa jina zuri, Mungu amkuze. Wewe kukaa kitandani muda mrefu si vibaya, ila kula kwanza ndipo ukae.

Mzee Yonathani tulimzika Jumatano. Rambirambi uliyotuma kwa simu ilifika, watu walishukuru. Halafu wakaniuliza kama umesahau njia ya kuja. Hapa mtu hatumi msiba, anaukalia.

Boksi limefika. Nimeliweka chini ya kitanda.

Umeniuliza nimebaki na nani. Unakumbuka tulivyokuwa tukilimiana, wanawake wa upande huu? Leo shamba la fulani, kesho la fulani, mstari wa majembe unaanzia barabarani hadi mtoni, na togwa inatungoja. Wengi wa wale wamekwenda mbele za haki. Waliobaki watoto wao wamewachukua mijini, nao habari zao nazisikia kwenye matangazo ya kanisani tu, sawa na marehemu. Nimebaki na Restuta, yule wa ng'ambo ya bonde. Huyo mmoja.

Usimhesabu kuwa ni mmoja ukamdharau. Nilipokuwa msichana nilitaka kujulikana na kila mtu hadi Itumba. Siku hizi watu wakiwa wengi wananichosha, nawaona midomo inacheza na mimi natingisha kichwa kama mjinga. Restuta hanilazimishi kusikia. Tangu masikio yangu yazibe hatuitani tena kwa sauti. Kila asubuhi kila mmoja anawasha moto wake, kisha anatoka nje kutazama jiko la mwenzake. Nikiona moshi wake najua ameamka, naendelea na kazi zangu. Wiki inaweza kupita hatujakutana uso kwa uso. Nisipouona moshi, nashika fimbo, nashuka, navuka gogo la mtoni, napanda kwake. Na yeye hivyo hivyo. Ndiyo makubaliano yetu.

Sasa nikihamia Chapwa, yeye atatazama nini?

Usikasirike, si maneno yangu, ni Mithali: afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali.

Dada yako,
Ketrina


Chapwa, Tunduma
23 Februari 2025

Dada Ketrina,

Shikamoo tena. Huku wazima. Mithali nimeipokea, imenichoma kidogo nikajipuliza.

Lakini dada, moshi! Watu wazima wawili mnapashana habari kwa moshi, dunia nzima ina simu! Nilimsimulia Osea tukacheka hapo stendi. Mwambie Restuta naye nitamtafutia jiko kama lako, ili mwache kufukizwa kama samaki. Nakuomba, litoe chini ya kitanda. Nilipokuja kumzika shangazi niliona unavyopapasa kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yako. Mtu aliyeanza kupoteza masikio hatakiwi kuchezea na macho. Kama unanipenda kama ulivyonilea, washa hilo jiko.

Habari za kazi, nilishakuambia nilistaafu, ila napita mpakani kusalimia. Pamebadilika. Zamani dereva anakaa wiki nzima akingoja karatasi, tunakula naye, tunajua hadi majina ya watoto wake. Siku hizi karatasi zinapita kwenye kompyuta, lori linavuka kabla dereva hajanywa chai. Ni maendeleo, nani atayakataa. Zabron naye amechukuliwa na mwanawe kwenda Dar. Drafti ameniachia.

Ila wengine wapo, usiwe na wasiwasi. Chumba bado kinakungoja.

Mdogo wako,
Rubeni


Mbebe, Ileje
30 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua bado.

Jiko niliwasha. Chai inachemka kabla hujamaliza kusali. Asante.

Sina zaidi.

Ketrina


Chapwa, Tunduma
13 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nione kama umeandika nyuma. Hukuandika. Nimefurahi kuhusu jiko, mno. Nilimwambia hata mpangaji.

Lakini dada, wewe uliyenifundisha kuandika barua, kwamba usimalize karatasi bila kumtaja kila aliye hai, mbona hukumtaja mtu? Restuta hajambo? Ferista je? Umeumwa? Osea anasema akifika hapo unampokea barua, unamshukuru, unaingia ndani.

Ngoja nikuchekeshe. Juzi nilikaa nikasema leo nasalimia marafiki. Simu yangu imejaa majina hata haishiki jipya. Nikaanza na herufi ya kwanza. Wengine namba zimekufa. Wengine nafikiri wenyewe wamekufa, maana anapokea kijana anasema baba alishatutoka. Mmoja wa Kapiri Mposhi, tuliyewahi kulala naye chini ya lori moja kwa mvua, akaniuliza kwa adabu, "Mukwai, ninaongea na nani?" Nikamtajia jina. Akaomba nilirudie. Nikasema samahani, nimekosea namba.

Dada, nimewaza sana. Sisi mpakani hatukuwa marafiki kama nilivyodhani. Foleni ndiyo ilituweka pamoja. Foleni ilipoisha, kila mtu akaenda zake. Wala siwalaumu, maana na mimi yule dereva nilikuwa namkumbuka kwa namba ya gari lake, jina nililisoma kwenye simu.

Usidhani nalalamika. Vijana wa Kizambia wanaouza vitenge hapa wananiita bashikulu, babu yao, na wananipa kiti.

Niandikie kweli.

Rubeni


Mbebe, Ileje
25 Mei 2025

Mdogo wangu Rubeni,

Marahaba, baba. Namshukuru Mungu nimevuna. Mahindi ni machache lakini yananitosha, siku hizi tumbo langu ni dogo. Ferista amenisaidia kuyapukuchua. Ni mwema, ana watoto wanne na mume mlevi, simwiti ovyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakataa.

Njoo unichukue. Ulishasema chumba kipo, nami nimekubali. Mbuzi nitampa Ferista. Sina cha kungoja hapa.

Usijivune kwamba umeshinda. Osea ameniambia kwa ishara na kwa kuandika kiganjani kwamba kila jioni unakaa stendi unauliza nani anatoka Ileje, hata siku ambayo huna barua. Ameniambia pia kwamba hajawahi kukuona na mtu. Basi watu wasiokauka nyumbani kwako ni wewe na drafti la Zabron. Mimi nimekulea, usinidanganye. Nimechoka, na wewe umechoka. Wachovu wawili waketi nyumba moja.

Restuta hayupo. Yuko Mkwajuni kwa mwanawe Ferdinand. Alianguka wakati wa mvua akavunjika nyonga. Tangu mwezi wa tatu natoka nje kila asubuhi natazama ng'ambo, hakuna kitu. Najua hayupo lakini natoka. Kuna siku ukungu ulipanda kutoka mtoni kupitia nyumbani kwake, nikafurahi kama mtoto.

Nina ombi moja. Kabla hujaja kunichukua, pita Mkwajuni umwone. Nampelekea maharage kwa mkono wa Osea, yakufikie umpe. Mwambie namsalimu. Usimuulize kitu kingine chochote, Rubeni. Mpe salamu na maharage, basi.

Ketrina


Chapwa, Tunduma
15 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Nimerudi jana. Nilibadilisha magari, nikamalizia kwa bodaboda, mgongo umeniambia umri wangu. Mkwajuni ni joto, dada, na pikipiki za wachimbaji dhahabu zinapita mlangoni kwa Ferdinand asubuhi hadi jioni.

Nilimkuta dada Restuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, uani, magongo pembeni. Amepungua, ila ulimi ni ule ule. Aliponiona alisema, "Huyu si yule mtoto wa Mbebe aliyekuwa anaiba togwa yetu?" Nikapiga magoti nikamsalimia. Nikampa maharage. Akayanusa, akayashika mapajani muda wote wa mazungumzo, hakumpa mkwewe.

Wanamtunza vizuri, sitasema uongo. Lakini aliniambia, "Rubeni, hapa wananiita Bibi. Asubuhi Bibi, jioni Bibi. Hakuna anayeniita Restuta. Jina langu lilikuwa limebaki kwa dada yako peke yake." Halafu akaongeza, "Na hata moshi hawana, wanapikia mkaa."

Sikumuuliza chochote, nilitii. Alinieleza mwenyewe. Alisema alitoka asubuhi ile akatazama kwako, hakuna moshi. Akasubiri jua lipande, hakuna moshi. Akasema Ketrina amekufa, au anakufa. Akashuka na ile mvua, na gogo la mtoni likamtupa. Alilala pale matopeni akikuita, akiiona nyumba yako na mlango ukiwa wazi. Aliita hadi sauti ikakauka. Watu waliotoka kuangalia mashamba yao ndio walimkuta. Na wewe ulikuwa ndani unakunywa chai niliyokuchemshia mimi kwa jiko langu.

Dada, uliniandikia kuhusu moshi, na mimi nikacheka na Osea stendi. Nikakulazimisha. Nikaweka na mapenzi juu yake ili ushindwe kukataa. Kisha wewe ukaniambia asante, ukakaa na jambo hili miezi yote hii ili lisinifikie. Niliposikia nililia mbele ya wajukuu wa watu.

Restuta hakulia. Alisema, "Waliponibeba kwa machela kupandisha mlima, nilimwona Ketrina anatoka mbio, khanga inamvuka. Nikasema afadhali, mzima. Ndicho nilichokuwa nimekwenda kukitazama." Alisema nikuambie hivyo hivyo, nisipunguze.

Sasa sikiliza, maana hapa nimefanya jambo bila kukuuliza. Jioni Ferdinand alirudi tukala pamoja. Mama yake akasema anataka kurudi Mbebe. Ferdinand akakasirika, na nilimwelewa. Akasema, "Mama hawezi kusimama bila gongo, na rafiki yake hasikii. Mmoja akianguka, mwenzake atajuaje? Akiita usiku nani ataitika?"

Nikasema, "Mimi."

Neno lilitoka lenyewe. Wote wakanigeukia, nikaona aibu, lakini sikulirudisha.

Kwa hiyo siji kukuchukua. Nakuja na Restuta, Ferdinand akipata gari. Chumba cha marehemu nitakipangisha pamoja na nyumba yote. Nimemwambia Joshua, akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimechoka kukaa stendi.

Ukikataa, niambie mapema. Nitaelewa.

Mdogo wako,
Rubeni


Mbebe, Ileje
29 Juni 2025

Mdogo wangu Rubeni,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama uani, nikaketi chini hapo hapo, Ferista akaja mbio akidhani ni msiba.

Afadhali, mzima. Ndivyo alivyosema kweli? Miezi yote hii nimekuwa nikimwona akifungua mdomo kwenye matope na mimi nikiongeza sukari. Sikuuliza habari zake kwa sababu niliogopa jibu. Niliona aibu, Rubeni. Aibu ilinikalia kifuani hadi nikaona heri nikimbilie kwako mjini, mahali ambapo sitaiona ile nyumba. Sasa umeniletea maneno yake na nimelia vizuri, kilio cha kupona.

Jiko lako sina kinyongo nalo. Lilifanya kazi yake, mimi ndiye niliyesahau yangu. Asubuhi ile kuni zilikuwa mbichi na magoti yaliuma, nikasema leo tu. Tangu siku ile limerudi chini ya kitanda.

Restuta atakaa kwangu. Kitanda chake nitakiweka upande wa mlango ili nimwone nikigeuka. Atakuwa masikio yangu na mimi nitakuwa miguu yake, tukijumlisha tunapata mzee mmoja mzima. Usituonee huruma, wengine hawafiki hata nusu.

Wewe hutakaa nasi. Unakoroma, mkeo aliniambia. Na wanawake wazee wakiwa na mwanamume ndani ya nyumba wanaanza kumpikia, nami nimeshamaliza kupikia wanaume. Utakaa nyumbani kwa Restuta, ng'ambo, ameshakubali, nimemtumia neno kwa simu ya Ferista. Paa halivuji. Jikoni kuna mafiga ya mama yake, usiyasogeze.

Masharti ni haya. Utawasha moto kabla jua halijafika kwenye migomba. Ukishawasha, toka nje usimame, tukuone na wewe utuone. Misiba ya hapa utakwenda mwenyewe na utalala matangani, si kutuma. Watu wamekusahau na hawatakukumbuka kwa wiki moja. Utakaa kwenye mkeka hadi wazoee sura yako. Usitegemee kupata marafiki wengi, kwa umri wetu hawapatikani. Ukipata mmoja, mshike.

Njoo na viberiti. Vya dukani hapa vina unyevu.

Dada yako,
Ketrina


Mbebe
4 Agosti 2025

Rubeni,

Leo sina salamu. Karatasi hii anakuletea Ferista akienda mtoni kuchota maji.

Jua limeshapita kwenye migomba na huko ng'ambo, jikoni kwako, hakuna moshi. Kama ni baridi, hata sisi tunaisikia. Restuta ameshika magongo yake, yuko mlangoni, ananigombeza kwa mikono niharakishe. Nimemvua kiatu kimoja nimekikalia, lakini hatakaa sana, unamjua.

Kama umelala, amka. Kama kuni ni mbichi, choma majani, choma drafti la Zabron, choma chochote.

Usinijibu kwa barua. Washa moto.

Ketrina